UZI: Dumuzi, fukusi au nani? Leta mdudu wako wa ghalani tumtambue, ila picha ya mgongo peke yake haitoshi

Mtunzaghala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumiwa picha za wadudu wa mahindi na maharage, na watu ninaowafahamu na nisiowafahamu. Swali ni lile lile: "Huyu ni nani, nimtie dawa gani?" Nimeona nifungue uzi ili majibu yakae sehemu moja, na wenye ujuzi kunizidi wanisahihishe mbele ya wote.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja kikundi cha wakulima wilaya ya Kongwa walinitumia picha moja tu, mdudu wa kahawia kapigwa kwa juu, ukungu ukungu. Nikajibu dakika ile ile: fukusi huyo. Wakanunua dawa ya unga yenye pirimifosi-methili peke yake, ambayo fukusi inamuua vizuri. Wiki ya sita nikafika. Nilizamisha mkono ndani ya gunia na ulipotoka ulikuwa mweupe mpaka kiwikoni. Chini palikuwa na unga laini kama poda ya mtoto, na punje zilizobaki ukizibonyeza zinapasuka, ndani hamna kitu. Alikuwa dumuzi. Ile dawa dumuzi anaivumilia. Kinachommaliza ni permethrini, na ndiyo sababu dawa nyingi za unga za mahindi zina viambato viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi. Jina nililolitamka bila kumtazama mdudu vizuri liliwagharimu watu wale chakula cha mwaka. Tangu siku hiyo sitaji jina kwa picha moja.

Sasa tuingie kwenye mdudu mwenyewe.

Kwanza hakikisha ni mbawakawa. Mbawakawa ana jozi ya mabawa magumu yanayofunika mgongo kama ganda, na mabawa hayo yanakutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka. Kunguni wa mimea na jamaa zake mabawa yao hupandana, mgongoni unaona alama kama X, na mdomo wao ni mrija wa kufyonza. Mbawakawa anatafuna. Duniani wameshaelezwa na kupewa majina spishi zinazokaribia 400,000, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba anawajua wote. Uzuri ni kwamba ghalani hawazidi dazeni moja unaokutana nao mara kwa mara.

Fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, ana mdomo mrefu uliochongoka kama mkonga, na mgongoni mara nyingi ana madoa manne yenye rangi ya chungwa iliyofifia. Urefu wake ni milimita 2.5 hadi 4.5. Ukiuona ule mkonga, dumuzi umeshamtoa kwenye hesabu.

Dumuzi, Prostephanus truncatus, hana mkonga. Kichwa chake kimeinama chini ya ngao ya shingo, ukimtazama kwa juu ni kama hana kichwa kabisa. Ana milimita 3 hadi 4.5, umbo la mche wa duara. Lakini siri yake iko nyuma. Mabawa hayateremki kwa mviringo. Yanakatika ghafla, kama gogo lililopigwa msumeno, na ule uso uliokatwa una vinundu vidogo na ukingo kila upande. Hata jina lake la pili, alilopewa mwaka 1878, ni la Kilatini lenye maana ya "aliyekatwa".

Sasa yupo binamu yake, Rhyzopertha dominica, anayependa ngano, mpunga na mtama. Naye anaficha kichwa, naye ana umbo la mche, naye ni kahawia. Ukimpiga picha kwa juu, hata mtaalamu anaweza kuchanganyikiwa. Mgeuze ubavu: mkia wake umeviringika unateremka taratibu, na mwili ni mdogo, milimita 2 hadi 3. Basi. Tofauti ya hawa wawili iko kwenye picha ambayo watu hawaipigi.

Kwa hiyo naomba, ukileta mdudu hapa, leta hizi: mgongo, ubavu, tumbo, uso, na mkia kwa nyuma. Mweke kwenye karatasi nyeupe kando ya rula inayoonyesha milimita. Mwanga wa dirishani asubuhi unatosha, usitumie mmweko wa simu kwa sababu ganda linang'aa na vinundu vinapotea. Lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu inasaidia sana. Na useme umemtoa wapi: wilaya gani, kwenye nafaka gani, mwezi gani, ameacha unga kiasi gani.

Nawasilisha. Karibuni.

Kijana wa Mbozi

Shikamoo mkuu. Uzi umekuja wakati wake. Mimi nina maharage debe nane, yametobolewa matundu ya mviringo kabisa, mengine yana kama vidirisha ambavyo havijafunguka. Mdudu ni mfupi mnene, kijivu-kahawia, mabawa hayafiki mwisho wa mwili, mkia unaonekana. Hapa kijijini tunamwita fukusi. Nimeweka picha tatu. Ni yule yule wa mahindi?

Mtunzaghala

Marahaba kijana wangu. Siyo yule. Jina fukusi tunalitumia kwa kila kinachobungua, lakini huyu wako hana mkonga na ukoo wao ni mwingine kabisa. Hivyo vidirisha ni funza aliyekomaa ndani, amekwangua punje akabakiza ngozi nyembamba ili akishageuka mdudu asukume atoke.

Kwenye maharage wako wawili wa kuwatenganisha, Acanthoscelides obtectus na Zabrotes subfasciatus. Kabla ya kugusa lenzi, nijibu hili: ukizitazama punje zenyewe, kuna vidoa vyeupe vidogo vilivyogandamana juu ya ngozi, ukikwangua kwa ukucha having'oki kirahisi?

Kijana wa Mbozi

Nimeangalia punje kama hamsini hivi, hakuna kilichogandamana. Ila nilipochekecha, kwenye vumbi kuna vitu vyeupe virefu kidogo, vidogo mno.

Mtunzaghala

Umefanya kazi nzuri kuliko wengi. Hayo yanaweza kuwa mayai, na kuwa huru kwenye vumbi ni tabia ya Acanthoscelides, ambaye hutaga ovyo katikati ya punje bila kugundisha. Zabrotes anagundisha mayai kwenye ngozi ya haragwe, na wale wa kunde, Callosobruchus, vile vile.

Sasa mhakikishe kwa mguu. Chukua mmoja aliyekufa, mlaze ubavu, tazama paja la mguu wa nyuma kwa upande wa ndani karibu na goti. Acanthoscelides ana jino moja kubwa, na mbele yake meno madogo mawili au matatu yamefuatana. Zabrotes paja halina meno hayo. Badala yake mwisho wa muundi wake wa nyuma kuna miiba miwili inayochezacheza.

Na jambo la kukusaidia zaidi ya jina: Acanthoscelides huanza kutaga shambani, maganda yanapoanza kukauka kwenye mmea. Ukichelewa kuvuna unamleta nyumbani ndani ya punje ambazo kwa macho ni nzima.

Kijana wa Mbozi

Nimeazima lenzi ya mwalimu wa biolojia. Jino kubwa moja, madogo mawili nayaona wazi, la tatu sina hakika. Mkuu, nimekaa na mdudu huyu tangu utoto na sikuwahi kujua ana meno mapajani.

Mnazi Mkinda

Jamani msituache sisi wa Pwani. Hapa Mkuranga tuna chonga, yule mbawakawa mkubwa anayetoboa minazi, kama mmoja alivyo kwenye picha. Makuti yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi, umbo la feni. Huyu mwenye pembe ndiye dume au jike? Na je, chonga wa kwenye samadi ya ng'ombe ndiye huyu huyu anayeua mnazi?

Mtunzaghala

Anayechimba kwenye kilele cha mnazi ni Oryctes monoceros, na funza wake wanakua ndani ya magogo ya minazi yaliyooza, kwa hiyo gogo ulilolilaza uani ndilo shamba lake. Pembe wanayo wote, ila ya dume ni ndefu zaidi.

Kuhusu samadi, una haki ya kuuliza. Yupo mwingine, Oryctes boas, anayezaliana kwenye samadi na mboji. Dume lake lina pembe ndefu iliyopinda kwenda nyuma na ngao ya shingo imebonyea kama bakuli. Majike ya hawa wawili kwa picha mimi siyatenganishi. Piga ubavu, na ukusanye madume kutoka sehemu zote mbili uyaweke kwenye chupa mbili tofauti.

Dundu la Taveta

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nashukuru kwa uzi huu. Sisi hapa Taveta tunamjua dumuzi kitambo, maana Kenya aliingilia huku kwetu, mwaka 1983. Wazee wanasimulia jinsi walivyofungua ghala wakakuta unga. Wengine huku humwita Osama. Nasikia kwenu aliitwa Skania?

Swali langu ni jingine. Kwenye mahindi yenye dumuzi ninapata mdudu mweusi, anang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, mdogo kuliko dumuzi, mabawa mafupi, sehemu mbili za mwisho za tumbo ziko nje. Nikimgusa anakunja miguu yote anajifanya mfu. Picha ya mgongo nimeiweka. Je, naye ni adui?

Mtunzaghala

Asante ndugu. Ndiyo, Skania, kama lile lori. Kwetu alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 ndipo habari zake zikachapishwa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati.

Huyo mweusi naomba usimuue. Mabawa mafupi, kung'aa, kujikunja kama kifaurongo, vipapasio vimevunjika kama kiwiko na mwishoni vina kirungu: huo ni ukoo wa Histeridae, na wengi wao ni wawindaji. Mmoja wao, Teretrius nigrescens, aliletwa makusudi kutoka kule kule alikotoka dumuzi. Togo walimwachia mwaka 1991, Kenya mwaka 1992. Dumuzi dume akipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na huyu mweusi anaifuata harufu hiyo hiyo mpaka ghalani, anakula mayai na funza. Hakulimaliza tatizo, sehemu nyingine alisaidia na nyingine kidogo sana, lakini ni rafiki.

Ila angalia: nimesema ukoo, sijasema spishi. Histeridae wa ghalani wako zaidi ya mmoja, na kwa picha yako ya mgongo siwezi kuapa. Wewe uko Kenya, una bahati. Makumbusho ya Taifa Nairobi yana mkusanyo mkubwa wa wadudu, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wako pale pale jijini. Wapelekee vielelezo.

Kijana wa Mbozi

Mkuu, hapo kwenye vielelezo. Hivi haitoshi kutumia programu ya simu? Nimepakua iNaturalist, nikiielekeza kwa mdudu inanipa jina.

Mtunzaghala

Nami ninayo na ninaipenda. Ukiileta sura ya chonga, au mbawakawa mkubwa wa rangi rangi wa porini, inakuweka karibu sana. Na faida kubwa zaidi siyo ile mashine, ni watu: picha yako ikikaa pale na mahali pake sahihi, mtaalamu wa ukoo huo aliyeko nchi nyingine anaweza kuiona na kukusahihisha.

Lakini mdudu wa kahawia wa milimita 3, mashine inakisia kwa rangi na umbo, na alama za kweli hazimo kwenye picha. Ngoja niwape mfano. Fukusi wa mahindi na fukusi wa mchele, Sitophilus oryzae, kwa nje wanafanana kiasi kwamba zamani wataalamu wenyewe waliwavuruga. Madoa ni yale yale, mkonga ni ule ule. Nilifundishwa kuwatenganisha na mama mmoja fundi wa maabara. Alichukua dume lililolowekwa, akalilaza tumbo juu kwenye kioo chini ya hadubini, akafungua mkia kwa sindano mbili nyembamba, akachomoa kijibomba cha uzazi chenye rangi ya kaharabu, kidogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii. Akanisogezea: "Tazama mgongo wake." Kulikuwa na mifereji miwili imekwenda sambamba. "Wa mahindi," akasema. Akachomoa cha pili, mgongo laini, hauna mfereji. "Wa mchele." Hakuna simu itakayokuonyesha hilo. Ndiyo maana nasisitiza picha NA mdudu mwenyewe.

Namna ya kuwatunza, kwa ufupi. Waue kwa kuwaweka kwenye friza siku mbili au tatu, dawa ya kupulizia inawachafua. Wadogo wa ghalani waweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 70. Wakubwa kama chonga wachomwe pini, na pini ipite kwenye bawa gumu la kulia, karibu na bega, isipite katikati, ili upande mmoja ubaki mzima. Wadogo wa kukausha usiwachome, watapasuka. Wagundishe kwa tone la gundi kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, kisha pini ipite kwenye karatasi. Sanduku liwe na naftalini, la sivyo wadudu wengine watakula mkusanyo wako mpaka ubaki na pini na lebo. Nimeona sanduku zima la shule likiwa hivyo, na iliniuma.

Mama Makopa

Wanangu, mimi ni mama wa Tandahimba, nasoma tu siku zote, leo nimeona niseme. Makopa yangu ya muhogo yametobolewa na unga umejaa kwenye kapu. Mjukuu kapiga picha kwa juu. Bwana mmoja wa pembejeo kaiona akasema ni dumuzi, ninunue dawa. Mtunzaghala, mwanangu, ni kweli?

Mtunzaghala

Shikamoo mama. Dumuzi anakula makopa, tena vibaya sana, hata kwenye nguzo na fito za ghala anatoboa akajificha. Kwa hiyo huyo bwana hakusema jambo lisilowezekana. Lakini picha ni ya mgongo, na mimi nilishaahidi. Naomba mjukuu amlaze ubavu, anipigie mkia. Halafu ampige tena kwa juu, safari hii karibu kabisa pale ngao ya shingo inapokutana na mabawa.

Na mama, tafadhali, dawa ya kuhifadhia mahindi usiinyunyize kwenye makopa mnayotwanga kula kabla hatujajua, na kabla hujaongea na afisa ugani.

Mama Makopa

Marahaba mwanangu. Mjukuu ameweka. Kasema mkia umeviringika, haukukatwa. Na pale shingoni kwa nyuma kuna vishimo viwili vimekaa sambamba, kama alama za ncha za vidole kwenye udongo.

Dundu la Taveta

Nimeikuza hiyo picha. Vishimo viko, vyote viwili. Huyo siye dumuzi.

Mtunzaghala

Naam. Mkia wa mviringo umemtoa dumuzi. Vile vishimo viwili vimemtoa Rhyzopertha pia. Mama, huyo ni Dinoderus, wa ukoo mmoja na dumuzi, mwenyeji wa mianzi iliyokatwa na vyakula vya mizizi vilivyokauka. Ndani ya Dinoderus wako zaidi ya mmoja wenye vishimo viwili, na hapo picha imenifikisha mwisho.

Naomba kuuliza: kapu lenyewe, au dari linapokaa, lina mianzi?

Mama Makopa

Kichanja chote ni mianzi, mwanangu. Tumekijenga mwaka jana. Mjukuu kaenda kugonga mwanzi mmoja kwa kisu, unga umemwagika.

Mtunzaghala

Basi mama, mdudu anatokea kwenye kichanja, na kupulizia makopa pekee kusingekusaidia, angerudi. Toa makopa yote juani, tandaza mapana yapate joto la mchana, pepeta, yale yaliyotobolewa sana yatenge. Kichanja hicho ondoa mianzi iliyotoboka, usiiache uani, ichome. Mzigo mzima ukishakauka kabisa uhifadhi kwenye chombo kinachofunga hewa, pipa au mfuko wa ndani wa plastiki nene, ila kabla ya kufunga hakikisha hakuna hai ndani, maana jamaa wa ukoo huu wanaweza kutoboa plastiki.

Nami naomba zawadi. Mjukuu aniwekee wadudu kumi, siyo mmoja, kwa sababu tunahitaji madume na hatujui ni yupi. Watano watoke kwenye makopa, watano watoke ndani ya mwanzi, chupa mbili. Ndani ya kila chupa aweke kipande cha karatasi: Tandahimba, jina la kijiji, tarehe, "kwenye makopa" au "kwenye mwanzi", na jina lake yeye aliyekusanya. Nitawafikisha kwa wataalamu wa afya ya mimea wa TPHPA Arusha, na jibu nitalileta hapa hapa kwenye uzi.

Aandike kwa penseli. Wino unayeyuka kwenye spiriti.